Joe Louis: Bondia aliyekuwa hatari zaidi mkikutana mara ya pili

Anzisha ubishi wa ngumi kijiweni uone. Wa kwanza atasema Muhammad Ali. Wa pili atasema Mike Tyson, na atakuonyesha video kwenye simu. Wa tatu, mzee kidogo, atamtaja Rocky Marciano kwa sababu jamaa alistaafu bila kupoteza hata pambano moja.

Joe Louis hatajwi sana. Akitajwa, ni kwa namba tu: bingwa wa dunia wa uzito wa juu kwa miaka 11 na miezi 8, akatetea mkanda mara 25. Hadi leo hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyefikisha idadi hiyo ya utetezi.

Namba hizo ni nzito, lakini hazitoshi. Kuna kitu kingine kwenye rekodi yake ambacho kinaeleza vizuri zaidi kwa nini wajuzi wa ngumi bado wanamweka juu kabisa. Tutakifikia. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Kutoka Alabama hadi Detroit

Alizaliwa Mei 13, 1914, karibu na mji mdogo wa LaFayette, jimbo la Alabama, Marekani. Jina lake kamili lilikuwa Joseph Louis Barrow. Alikuwa mtoto wa 7 kati ya 8. Wazazi wake walilima shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Babu na bibi zake walikuwa wameonja utumwa wenyewe.

Baba alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Joe akiwa bado mdogo sana. Mama, Lillie, baadaye akaolewa na Pat Brooks, na mwaka 1926 familia ikahamia Detroit kutafuta kazi za viwandani, kama walivyofanya Weusi wengi wa Kusini miaka ile.

Mama alitaka kijana ajifunze vayolini, akawa anampa hela ya masomo. Kijana akaipeleka hela kwenye ukumbi wa mazoezi ya ngumi. Inasemekana hata jina la Barrow aliliacha ili mama asigundue, akabaki Joe Louis.

Usidhani alianza kwa kishindo. Pambano lake la kwanza la ridhaa alikutana na Johnny Miler, bondia aliyekuwa kwenye timu ya Olimpiki ya 1932, akaangushwa mara kadhaa na kupoteza. Aliondoka ulingoni akiwa na aibu, akakaa mbali na ngumi kwa muda, kisha akarudi. Alipomaliza ridhaa alikuwa ameshinda mapambano 50 kati ya 54.

Masharti ya meneja

Julai 4, 1934, akapigana pambano lake la kwanza la kulipwa mjini Chicago. Alimmaliza Jack Kracken raundi ya kwanza. Malipo yalikuwa dola 59.

Mameneja wake, John Roxborough na Julian Black, walikuwa Weusi. Kocha Jack Blackburn pia alikuwa Mweusi. Watatu hawa walijua kitu ambacho kijana hakukijua: mlango wa ubingwa wa uzito wa juu ulikuwa umefungwa kwa mtu Mweusi tangu Jack Johnson apoteze mkanda mwaka 1915. Johnson aliishi atakavyo, akawacheka wazungu aliowapiga, akaoa wanawake wa kizungu. Wazungu hawakusahau, na waliokuja baada yake ndio waliolipa.

Blackburn mwanzoni hata hakutaka kumfundisha kijana Mweusi wa uzito wa juu. Aliona ni kupoteza muda, nafasi haitapatikana.

Basi Louis akapewa masharti. Asipigwe picha na mwanamke wa kizungu. Asishangilie juu ya mpinzani aliyeanguka. Asionekane klabu za usiku peke yake. Ulingoni auweke uso wake mkavu. Wengi walidhani ndivyo alivyozaliwa, mtu asiye na maneno. Sehemu ilikuwa tabia yake kweli, lakini sehemu ilikuwa kazi. Kila siku, mbele ya kamera, alikuwa akilipa ada ya kosa la mtu mwingine, kosa ambalo hata halikuwa kosa.

Nyuma ya pazia hakuwa malaika. Alipenda wanawake, alipenda gofu, na pesa ilimtoka mkononi kama maji.

Carnera na kivuli cha Ethiopia

Juni 25, 1935, uwanja wa Yankee, New York. Louis ana miaka 21. Mbele yake yupo Primo Carnera, Mwitaliano, bingwa wa zamani, jitu lililomzidi kwa karibu kilo 30.

Miezi hiyo Mussolini alikuwa anapanga majeshi yake kuivamia Ethiopia. Kwa Weusi wa Marekani, pambano halikuwa tena la mabondia wawili. Harlem waliliona kama Italia dhidi ya Afrika.

Louis alimpiga jitu lile kwa utulivu hadi mwamuzi akasimamisha raundi ya 6. Oktoba mwaka huo Italia iliingia Ethiopia kweli, na ngumi za New York hazikuweza kuizuia. Lakini kwa usiku mmoja watu waliokuwa hawana silaha walikuwa na mtu wao.

Septemba akampiga Max Baer, bingwa mwingine wa zamani, raundi ya 4. Siku hiyo hiyo, kabla ya pambano, alikuwa amefunga ndoa na Marva Trotter. Ikaonekana hakuna wa kumgusa.

Kipigo cha 1936

Max Schmeling, Mjerumani, alikuwa na miaka 30 na magazeti yalishamzika. Yeye alikaa akitazama filamu za Louis, akaona kosa moja dogo: Louis akishapiga jabu ya kushoto, mkono ule huurudisha ukiwa chini. Kwa nusu sekunde upande wa kushoto wa uso unabaki wazi kwa ngumi ya kulia.

Louis kwa upande wake alikuwa kambini New Jersey, lakini muda mwingi alikuwa uwanja wa gofu. Mazoezi aliyafanya kwa juu juu.

Juni 19, 1936, Schmeling aliingiza ngumi ya kulia usiku kucha. Raundi ya 4 Louis akaenda chini. Raundi ya 12 akaenda chini na hakuweza kuamka kwa wakati. Lilikuwa pambano lake la kwanza kupoteza katika ngumi za kulipwa. Harlem watu walilia barabarani. Ujerumani, utawala wa Hitler ukaugeuza ushindi ule kuwa ushahidi kwamba mzungu ni bora kuliko Mweusi.

Hapa ndipo mabondia wengi hupotea. Anayeitwa hawezi kupigwa, akipigwa mara moja, anaanza kuchagua wapinzani. Louis alirudi ulingoni baada ya miezi miwili tu, akamwangusha Jack Sharkey, bingwa mwingine wa zamani, raundi ya 3. Na gymu, yeye na Blackburn wakaurekebisha ule mkono wa kushoto.

Mkanda bila raha

Juni 22, 1937, Chicago, Louis alipata nafasi kwa bingwa James Braddock. Nafasi hiyo haikuja bure. Upande wa Braddock uliahidiwa asilimia 10 ya faida ya promota wa Louis kwa miaka 10.

Raundi ya kwanza Louis aliangushwa. Akaamka, akafanya kazi yake taratibu, na raundi ya 8 ngumi ya kulia ikamlaza Braddock kifudifudi. Bingwa Mweusi wa kwanza wa uzito wa juu tangu Johnson, miaka 22 ilikuwa imepita.

Mitaa ya Weusi ilifurika watu. Yeye mwenyewe alisema asiitwe bingwa mpaka ampige Schmeling.

Fikiria hilo kidogo. Mkanda anao, pesa ipo, na hakuna sheria inayomlazimisha kukutana haraka na mtu aliyemlaza chini. Akaenda kumtafuta.

Sekunde 124

Juni 22, 1938, mwaka mmoja kamili baada ya kuchukua ubingwa. Watu wapatao 70,000 ndani ya uwanja wa Yankee, na mamilioni kwenye redio. Vita ilikuwa inanukia Ulaya. Safari hii hata wazungu wa Marekani, wakiwemo waliomkatalia Louis meza kwenye hoteli zao, walimwombea ashinde.

Kengele ikagonga. Hakukuwa na kusoma mchezo. Louis alimfuata Mjerumani moja kwa moja, akampiga kichwani na ubavuni hadi Schmeling akapiga ukelele uliosikika viti vya mbele. Akaenda chini mara 3. Sekunde 124, kwisha. Schmeling alipelekwa hospitali akiwa ameumia uti wa mgongo.

Haki isemwe: Schmeling hakuwa shetani aliyechorwa. Hakuwahi kujiunga na chama cha Nazi, meneja wake alikuwa Myahudi, na Novemba mwaka huo huo aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi hotelini kwake Berlin wakati Wayahudi wakishambuliwa. Louis naye hakumchukia. Wawili hao walibebeshwa mizigo ya nchi zao.

Siri ipo kwenye marudiano

Sasa turudi kwenye kile kitu nilichokuahidi. Chukua rekodi ya Louis, tafuta waliomsumbua mara ya kwanza, halafu angalia mara ya pili.

- Bob Pastor alimkimbia raundi 10 mwaka 1937, akapoteza kwa pointi tu. Waliporudiana 1939, KO raundi ya 11.
- Arturo Godoy wa Chile alipigana akiwa ameinama karibu na sakafu, Februari 1940, na mmoja wa waamuzi akampa ushindi. Juni mwaka huo huo, mwamuzi alisimamisha raundi ya 8.
- Buddy Baer alimrusha Louis nje ya kamba Mei 1941. Januari 1942, Baer hakumaliza raundi ya kwanza.
- Billy Conn alikuwa mwepesi kwa zaidi ya kilo 10 lakini na miguu ya haraka. Juni 1941 alikuwa anaongoza kwa pointi hadi raundi ya 13, akapata tamaa ya kumaliza kwa KO, akamalizwa yeye zikiwa zimebaki sekunde 2. Waliporudiana 1946, raundi ya 8 ilimtosha.
- Jersey Joe Walcott alimwangusha mara 2 Desemba 1947, na wengi uwanjani waliamini Walcott ameshinda. Majaji wawili wakampa Louis, mwamuzi akampa Walcott. Juni 1948, KO raundi ya 11.

Weka na Schmeling juu ya orodha hiyo. Kila aliyemtia shida na kurudi, alikuta mtu mwingine. Ujanja uliofaulu mara ya kwanza ulikuwa umeshafungiwa mlango.

Na kumbuka, marudiano kwa bingwa ni hatari tupu. Ukishinda, watu watasema ulitakiwa kushinda. Ukipoteza, umepoteza kila kitu kwa mtu ambaye ungeweza kumkwepa. Louis aliwapa nafasi wote.

Alivyopigana

Ukitazama filamu zake leo unaweza kudhani ni mzito. Hachezi miguu kama Ali. Anasogea kwa hatua fupi, karibu anaburuta soli. Lakini angalia mizani yake: miguu haivukani, mwili upo tayari kupiga muda wote.

Jabu yake ilikuwa kama mtu anayegonga mlango kwa nguvu. Ngumi zake zilisafiri umbali mfupi, ndiyo maana mpinzani hakuziona zikija. Na alipokuona umeyumba hakuwa na papara. Alipiga 4, 5, 6 mfululizo, kila moja mahali pake. Kati ya ushindi wake 66, 52 ulikuwa kwa KO.

Wapo wanaosema alipigana na wapinzani dhaifu. Ni hoja ya kusikilizwa. Kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alitetea mkanda mara 7, na baadhi ya waliopanda hawakuwa na sababu ya kuwa pale zaidi ya kujaza tarehe. Lakini huyo huyo aliwapiga Carnera, Baer, Sharkey, Braddock na Schmeling, wote mabingwa, na Walcott aliyekuja kuwa bingwa baadaye. Na kutetea mkanda mara 7 ndani ya miezi 6, hata dhidi ya wa kawaida, ni kujiweka kwenye bahati mbaya mara 7.

Askari

Marekani ilipoingia vitani, Louis alipigana na Buddy Baer na kutoa malipo yake yote kwa mfuko wa familia za wanamaji. Jeshi hilo la wanamaji wakati huo liliwapokea Weusi kama wahudumu wa chakula tu. Machi 1942 akampiga Abe Simon na kutoa malipo kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu.

Akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida. Alipigana mapambano ya maonyesho karibu 100 mbele ya wanajeshi. Kambini Fort Riley alitumia jina lake kusaidia vijana Weusi waliokuwa wamezuiwa kusomea uofisa. Mmoja wao aliitwa Jackie Robinson, ambaye mwaka 1947 alivunja ukuta wa ubaguzi kwenye ligi kuu ya besiboli.

Katika kambi moja Alabama, Louis na bondia Sugar Ray Robinson walikamatwa kwa kukataa kuhamia sehemu ya Weusi kwenye kituo cha basi. Yaani bingwa wa dunia, amevaa sare ya nchi yake, katika jimbo alilozaliwa, anaambiwa akasubiri basi kule.

Mpinzani asiye na raundi

Alistaafu Machi 1, 1949 akiwa bado bingwa. Angebaki hapo, hadithi ingekuwa safi.

Lakini mamlaka ya kodi ilikuwa inamdai. Mahesabu ya watu wake yalikuwa ovyo, yeye mwenyewe aligawa hela kwa ndugu, marafiki na wasiomjua, na viwango vya kodi baada ya vita vilikuwa vikali mno. Hata malipo aliyoyatoa kwa jeshi yalihesabiwa kuwa mapato yake. Deni lilikua na riba hadi likapita dola milioni 1. Mama yake alipofariki mwaka 1953 na kumwachia dola 667, mamlaka ilizichukua.

Huyu ndiye mtu ambaye, alipoanza kupata pesa, alirudisha Detroit hela za msaada ambazo familia yake ilipewa wakati wa njaa.

Akarudi ulingoni kwa sababu ya deni. Septemba 1950 Ezzard Charles alimshinda kwa pointi raundi 15. Oktoba 26, 1951, Madison Square Garden, akiwa na miaka 37, kijana Rocky Marciano alimtoa nje ya kamba raundi ya 8. Marciano alikua akimpenda Louis, na baada ya pambano alilia.

Mwaka 1956 bingwa wa dunia wa zamani alikuwa akicheza mieleka ya maonyesho ili apate hela. Baadaye mamlaka ya kodi ililegeza kamba. Yakaja matatizo ya dawa za kulevya na afya ya akili, na mwaka 1970 alilazwa hospitali Denver. Miaka yake ya mwisho aliajiriwa kasino ya Caesars Palace, Las Vegas, kupokea wageni na kupiga nao picha. Mke wake wa mwisho, mwanasheria Martha Jefferson, alikaa naye hadi mwisho.

Aprili 11, 1981, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikwenda kutazama Larry Holmes akitetea mkanda. Kesho yake moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 66.

Rais Ronald Reagan aliruhusu azikwe makaburi ya kitaifa ya Arlington, wanakozikwa wanajeshi. Kati ya waliochangia gharama za mazishi alikuwamo Max Schmeling, aliyekuwa tajiri baada ya vita na rafiki yake kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, nini kinamfanya bingwa awe wa nyakati zote?

Kutopoteza ni jambo zuri, na Marciano anastahili heshima yake. Louis alipoteza mara 3. Lakini bondia ambaye hajapigwa hatujui angefanya nini asubuhi yake. Kwa Louis tunajua. Alikwenda kutafuta kosa lake, akalirekebisha, kisha akamwita yule yule aliyelifichua na kumwambia apande tena ulingoni, mbele ya dunia nzima, wakati ambao Mweusi mwenzake akikosea kidogo alifungiwa mlango kwa miaka 22.

Ndiyo maana ubishi wa kijiweni ukifika kwenye majina, usimwache. Uliza tu: bingwa wako alipigwa na nani, na walipokutana tena ilikuwaje?